Nusu ya Vita Tusiyoisimulia

Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1978 tuna hadithi moja tusiyochoka kuisimulia. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba mto huo ndio mpaka wake mpya. Daraja la Kyaka likavunjwa. Nchi nzima ikasimama. Malori ya mashirika ya umma, magari ya watu binafsi, ng'ombe, magunia ya mahindi na vijana wa mgambo, vyote vikaelekea Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Hadithi yetu hukomea hapo, na wajukuu wetu wameisikia kwenye redio, kwenye sherehe na vibarazani mpaka wanaijua kama wanavyojua majina yao.

Lakini askari wetu hawakurudi nyumbani siku Kampala ilipoanguka. Walibaki Uganda mpaka mwaka 1981. Walisimama kwenye vizuizi vya barabarani, wakalinda maghala na ofisi za serikali, wakawafundisha kazi askari wapya wa nchi ile, wakaamua ugomvi wa watu wasiokuwa na polisi wala hakimu. Serikali ya Yusuf Lule ilidumu siku 68. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukazua ubishi mkubwa, na Februari 1981 Yoweri Museveni na wenzake wakaingia msituni. Askari wetu walipokuwa wakifunga virago, vita vingine vilikuwa vimekwisha anza.

Nusu hiyo ya pili hatuisimulii. Haina bendera inayopandishwa wala adui anayekimbia. Ni hadithi ya kijana wa Singida au Mtwara aliyesimama na bunduki katika mtaa wa watu wengine, usiku, bila kujua ni nani kati ya wanaopita anamkusudia mabaya, na bila kujua kwa uhakika kama kukaa kwake pale kunasaidia. Nimefundisha historia miaka mingi katika shule za mkoa wetu wa Kagera, na ninaona wazi sasa kwamba nusu hiyo ndiyo ambayo watoto wetu wangeihitaji zaidi. Kizazi kinachovaa sare leo hakiitwi kupigania daraja la Kyaka. Kinapelekwa Kongo, kimepelekwa Darfur, kiko Jamhuri ya Afrika ya Kati, kimekwenda mpaka Lebanon. Wenyewe huita misheni. Kijana hupotea mtaani miezi kadhaa, ukiuliza unaambiwa amekwenda misheni, na mazungumzo huishia hapo kama vile amekwenda semina.

Kazi waliyopewa ni ngumu kuliko yetu. Sisi tulikuwa na mpaka uliovunjwa, adui mwenye jina, na amri iliyotoka kwa kiongozi tuliyeijua sauti yake. Wao wanawekwa katikati ya watu ambao bado wanataka kupigana, chini ya amri iliyoandikwa New York na watu wa mataifa 15, wakiwa na ruhusa ya kutumia silaha hapa na katazo la kuitumia pale, na mara nyingi wanalindana na jeshi la serikali ambalo wanavijiji wenyewe hawaliamini. Tumewakabidhi kazi hiyo huku tukiwa tumewasimulia nusu nyepesi tu ya vita.

Wapo wazee wenzangu wanaosema vijana wetu hawapaswi kwenda kabisa. Wanasema Mtanzania hana sababu ya kufa kwa ajili ya Wakongo au Wasudani. Ninawaelewa, hasa wale waliozika. Ila nadhani wamesahau mambo mawili.

La kwanza ni la Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Nchi ikabaki bila jeshi la kuaminika, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa Waingereza, ambao makomandoo wao walishuka kwa helikopta kutoka katika manowari wakazima uasi ule. Lilikuwa jambo la aibu kwa taifa lililokuwa huru miaka miwili tu. Ndipo Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), uliokuwa haujatimiza hata mwaka, ukakutana Dar es Salaam mwezi Februari, na Aprili batalioni ya Nigeria ikaja kuchukua nafasi ya Waingereza. Wanigeria hao walitulinda tukijenga jeshi letu upya, mpaka Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazaliwa Septemba 1 mwaka huohuo. Kwa hiyo kabla hatujamlinda mtu yeyote, tulilindwa. Mama wa Kinigeria aliyemtoa mwanawe kuja kulala kambini Dar es Salaam alikuwa na haki ya kuuliza swali lilelile wanalouliza wazee wenzangu leo.

La pili nililiona mwenyewe. Mwaka 1994 nilikuwa nikifundisha Ngara. Kabla hatujasikia habari kamili redioni, Mto Kagera ulikuwa umeanza kuleta miili. Ilipita chini ya daraja la Rusumo ikaendelea mpaka Ziwa Victoria, na watu wakaacha kula samaki. Kisha, mwishoni mwa Aprili, katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile wakaingia kwetu. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko miji yetu yote ya karibu. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo watu wasio na hatia, wazee, watoto, wajawazito. Walikuwamo pia waliotoka kuua majirani zao. Wote wakaingia foleni moja ya chakula, na wauaji wakaendelea kuwatawala wenzao mle kambini kwa sababu hapakuwa na nguvu ya kuwatenganisha.

Na Rwanda askari wa Umoja wa Mataifa walikuwapo! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mkataba ulitiwa saini hapa kwetu Arusha, Agosti 1993, na kikosi cha walinda amani wapatao 2,500 kikapelekwa kuusimamia chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Mauaji yalipoanza, askari 10 wa Ubelgiji waliuawa tarehe 7 Aprili, na Ubelgiji ikaamua kuwaondoa wake. Tarehe 11 Aprili askari wake waliondoka katika shule ya ufundi ya Kicukiro, Kigali, ambamo watu wapatao 2,000 walikuwa wamejificha nyuma yao. Wauaji walikuwa nje wakisubiri. Siku kumi baadaye, badala ya kuongeza askari, Baraza la Usalama lilipiga kura ya kukipunguza kikosi kibaki na watu wapatao 270.

Dallaire alikataa kuondoka. Waghana wakiongozwa na Jenerali Henry Anyidoho walikataa kuondoka. Na alikuwapo kapteni mmoja wa Senegal, Mbaye Diagne, aliyekuja kama mwangalizi asiye na silaha. Alipita kwenye vizuizi vya wauaji kwa gari lake, akiwa na maneno, utani na pakiti za sigara, akiwavusha watu wachache wachache, tena na tena, mpaka mamia wakapona. Aliuawa kwa kombora tarehe 31 Mei, muda wake wa kurudi nyumbani ukiwa umekaribia. Ninapomsikia mtu akisema askari wa kigeni hawezi kubadili kitu, humkumbuka Mbaye Diagne. Ninapomsikia mwingine akisema kofia ya bluu inatosha kumlinda mnyonge, huikumbuka shule ya Kicukiro.

Mwaka uliofuata, Julai 1995, yakatokea ya Srebrenica kule Bosnia, ambako wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa katika eneo ambalo Umoja wa Mataifa wenyewe ulikuwa umelitangaza kuwa salama, na askari wa Uholanzi wakiwapo. Baada ya aibu hizo mbili dunia ilibadili mawazo yake kidogo. Zamani masharti ya ulinzi wa amani yalikuwa matatu: pande zote zikubali, walinzi wasiegemee upande, na silaha zisitumike ila kujihami. Masharti hayo yalifaa pale majeshi mawili ya serikali yaliposimamisha vita na kuhitaji mtu wa kukaa katikati, kama kule Suez mwaka 1956. Hayakufaa mahali ambapo wanaouawa ni wanavijiji na muuaji hana serikali wala sahihi. Mwaka 2000 jopo lililoongozwa na Lakhdar Brahimi wa Algeria liliandika kwamba kutoegemea upande si kumtazama mchokozi na aliyeonewa kwa jicho moja. Mwaka huohuo viongozi wa Afrika, katika mkataba wa kuunda Umoja wa Afrika, kifungu cha 4(h), waliupa umoja huo haki ya kuingilia kati katika nchi mwanachama pakitokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Wa rika langu tunajua hatua hiyo ilikuwa ndefu kiasi gani. Julai 1979, katika mkutano wa OAU mjini Monrovia, Tanzania ililaumiwa waziwazi na baadhi ya wakuu wa nchi kwa kuingia Uganda, ilhali Amin alipokuwa akiua watu wake wengi wao walinyamaza.

Kizazi cha watoto wetu kikaingia kazini katika zama hizo mpya. Kabla yake kulikuwa na jaribio la awali Liberia mwaka 1994, ambako batalioni yetu ilikwenda kuungana na vikosi vya Afrika Magharibi na ikarejea mwaka uliofuata. Machi 2008 wakaenda Komoro, wakishirikiana na Wasudani kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyeking'ang'ania kisiwa cha Anjouan. Ile ilikwisha upesi. Kilichowabadilisha kabisa ni Kongo.

Novemba 20, 2012 waasi wa M23 waliingia mjini Goma huku walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakiwatazama. Dunia ikaona aibu tena. Machi 28 mwaka uliofuata Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2098, likaunda Brigedi ya Kuingilia Kati: askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, wenye ruhusa ambayo walinda amani hawakuwahi kupewa kwa uwazi namna ile, ya kuwafuata waasi na kuwanyang'anya nguvu, bila kungoja kushambuliwa. Azimio lenyewe lilisema jambo hilo ni la pekee na lisiwe mfano kwa mengine. Kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa.

Mwaka ule watu wetu walikuwa na faida ambayo hakuna mkutano wa New York ambao ungeweza kuigawa. Goma husema Kiswahili. Mlinda amani kutoka Asia au Amerika ya Kusini alihitaji mkalimani hata kumuuliza muuza ndizi bei. Kijana wa Dodoma alishuka kwenye gari la deraya akasalimia, akaitikiwa, akaambiwa usiku uliopita nani alipita na wapi. Alijua kusema shikamoo mama. Katika kazi ambayo habari ya mwanakijiji inaweza kuokoa kambi nzima, salamu ni silaha. Agosti 2013 mapigano yakaanza kwenye vilima vya kaskazini ya Goma, askari wetu wakapoteza wenzao, na Novemba 5 M23 wakatangaza kuacha vita. Hapa nyumbani tulipiga vifijo kidogo. Ilifanana na Kampala, na tulijua namna ya kuisimulia.

Kilichofuata kilikuwa ile nusu nyingine.

Tayari Julai 13 ya mwaka huo, Darfur, doria ya UNAMID, kikosi cha walinda amani cha Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, iliyotoka kambi ya Khor Abeche ilikuwa imeviziwa na watu wenye silaha kubwa. Watanzania saba waliuawa siku hiyo, na watu 17 wa kikosi hicho wakajeruhiwa. Halafu ikaja Desemba 7, 2017. Kambi ndogo ya Semuliki, katika wilaya ya Beni, ilishambuliwa usiku na watu wanaodhaniwa kuwa wa kundi la waasi la ADF. Watanzania wasiopungua 14 waliuawa na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Katibu Mkuu António Guterres alisema lilikuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulieleza baadaye kwamba hapakuwa na mpango wa kufaa wa kuwapelekea nguvu au kuwatoa, kwamba uongozi na utoaji wa amri vilikuwa na kasoro, na kwamba ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi vilipungua.

Nitulie hapo kidogo. Ripoti ile inasema kwa lugha ya ofisi jambo ambalo kila mzazi anaweza kulielewa: vijana wale walipigana wakiwa peke yao kwa sababu aliyepaswa kufika hakufika kwa wakati. Tuliwaaga kwa heshima, majeneza yakiwa na bendera. Magazeti yakaandika kwa siku chache. Kisha likaja jingine. Sikumbuki mjadala mrefu wa taifa kuhusu nini kifanyike kabla ya kupeleka kikosi kinachofuata, ilhali kikosi kilichofuata kilikwenda.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2018, katika msitu wa upande huohuo wa Beni, walinda amani wa Malawi na Tanzania walikuwa wakiishambulia ngome ya ADF. Saba waliuawa, sita wa Malawi na mmoja wa kwetu. Miongoni mwa Wamalawi alikuwa Private Chancy Chitete, aliyemkuta mwenzake wa Tanzania amejeruhiwa na hawezi kutembea, akamvuta mpaka mahali pa kujikinga na kuanza kumhudumia, kisha yeye akapigwa risasi. Mtanzania yule alipona. Umoja wa Mataifa ulimpa Chitete nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne. Ningetamani kila mtoto wa shule hapa nchini alijue jina la Chitete kama anavyoyajua majina ya wachezaji wa Simba na Yanga. Amekufa kwa ajili yetu, na wengi wetu hatujawahi kumsikia.

Sisemi kwamba ushujaa huo unafuta maswali. Brigedi ilipewa ruhusa ya kupigana upande wa serikali ya Kongo, na kuanzia siku hiyo walinda amani wakawa, machoni pa vijiji vingi, sehemu ya vita. Jeshi la serikali waliloambatana nalo limetuhumiwa na Umoja wa Mataifa wenyewe kwa kuwatesa raia. M23 ilianza tena mapigano mwishoni mwa 2021. ADF waliendelea kuua wakulima mashambani, wakaenea hadi Ituri. Mwananchi wa Butembo aliyezika ndugu zake huku magari meupe yakipita barabarani aliacha kuuliza mamlaka ya kikosi yanasema nini. Aliuliza mbona mko hapa na sisi tunakufa. Julai 2022 hasira hiyo ikalipuka, watu wakavamia kambi za MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, huko Goma na Butembo. Na tarehe 31 mwezi ule, katika kituo cha mpakani cha Kasindi, askari wa Brigedi hiyohiyo waliokuwa wakirejea kutoka likizo walifyatua risasi, raia wawili wakafa na wengine wakajeruhiwa. Watu wale walisema Kiswahili. Salamu iliyotufungulia milango 2013 haikutosha tena.

Kuna jambo jingine ambalo wazee huwa tunaliepuka kwa kuona haya, na mimi sitaliepuka. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kikosi chetu cha watu 60 kilichokuwa magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati kinarudishwa nyumbani, baada ya uchunguzi kuonyesha kuwa 11 kati yao waliwanyanyasa na kuwatumia kingono watu wanne. Mwaka 2016 zilikuwa zimetoka tuhuma za namna hiyo kuhusu askari wetu katika eneo la Beni. Mwanamke anayekimbilia kwenye waya wa kambi anakimbilia mahali pa mwisho alipobakiwa napo. Anayemgeuza mawindo hapo amefanya kosa ambalo muasi wa msituni hawezi kulifanya, kwa sababu muasi hajaaminiwa. Kwa sheria za Umoja wa Mataifa, nchi inayotoa askari ndiyo inayomshitaki. Basi mahakama zetu za kijeshi ndizo zenye neno, na wananchi tuna haki ya kusikia neno hilo limekuwa nini. Kuwatetea wote kwa pamoja, au kunyamaza, ni kuwavunjia heshima wale wa Semuliki.

Halafu kuna fedha na madaraka. Umoja wa Mataifa huirudishia serikali zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari anayetolewa, kiwango kimoja kwa nchi zote. Kwa nchi tajiri hizo si kitu. Kwa nchi kama yetu zina uzito wake. Hivyo dunia imegawana kazi: wenye kura ya turufu huandika maazimio, na wanaokufa wanatoka Nepal, Bangladesh, India, Rwanda, Ghana, Tanzania. Hata hapo mambo hayako sawasawa. Rwanda, ambayo ni kati ya nchi zinazotoa walinda amani wengi kuliko nyingine, ndiyo ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza katika ripoti zao kuwa majeshi yake yamekuwa bega kwa bega na M23, jambo ambalo Kigali hulikana. Kijana wetu anaweza kuwa na mwenzake wa Kinyarwanda kama rafiki Bangui na kama hatari Goma. Nani amemfundisha aishi vipi na hilo?

Januari 2025 Goma ilianguka tena. Safari hii walikuwapo MONUSCO, na walikuwapo pia askari wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) kutoka nchi zilezile tatu, Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, waliopelekwa tangu mwisho wa 2023. Afrika Kusini ilipoteza askari 14 katika siku chache za mapigano ya Goma na Sake. Na sisi tulizika. Februari 8 viongozi wa Afrika Mashariki na wa SADC wakakutana Dar es Salaam, Machi SADC ikaamua kikosi chake kiondoke, na vijana wetu pamoja na wenzao wakatoka kwa kupitia ardhi ya Rwanda mpaka Tanzania. Ilikuwa karibu miaka 12 tangu ushindi wa vile vilima.

Na Darfur? UNAMID ilifungwa Desemba 31, 2020, kwa maelezo kuwa serikali ya Sudan sasa itawalinda watu wake. Aprili 2023 vita vya majenerali vikaanza. Oktoba 26, 2025 wapiganaji wa RSF, upande mmoja wa vita hivyo, wakaingia mji wa El Fasher, Darfur, na yaliyotokea pale dunia imeyaona kwa picha za setilaiti. Mwezi huohuo Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa unapunguza robo ya walinda amani wake kwa kukosa fedha. Wanaosema vikosi hivi havifai kitu wamejibiwa na El Fasher. Wanaosema vinatosha wamejibiwa na Goma.

Sijui kama kuna jibu moja linalozimaliza hoja hizo mbili, na nimeacha kulitafuta kwa watu wa majukwaani. Wanaolijua sehemu yake ni hawa vijana, ambao sasa si vijana tena: yule aliyekuwa luteni Goma 2013 ana mvi. Wamerudi, wako mitaani kwetu, baadhi wamestaafu, baadhi wanatembea kwa magongo. Rika langu lilirudi kutoka Uganda likanyamaza juu ya miaka miwili ya mwisho, na Uganda ikaendelea kuchinjana Luwero tukiwa tunaimba nyimbo za Kampala. Hakuna aliyetuuliza tulijifunza nini kule, na hatukujisumbua kusema.

Hawa waulizwe. Kamati ya Bunge inayoshughulikia ulinzi iwaite makamanda wa kila kikosi kinachorudi, na kabla ya kingine kuondoka taifa liambiwe kinakwenda kwa mamlaka gani, kitakuwa na helikopta za nani, na nani atakuja usiku kikizingirwa. Siri za kijeshi zibaki siri. Hayo niliyoyataja si siri, yamo katika ripoti za Umoja wa Mataifa ambazo mtu yeyote New York anaweza kuzisoma, ila mjane wa Semuliki aliyeko Tabora au Unguja hajawahi kusomewa.

Huku kwetu nimeanza na lililo ndani ya uwezo wangu. Wastaafu wawili wa kata yetu, mmoja aliyekuwa Darfur na mmoja aliyekuwa Beni, wamekubali kuzungumza na wanafunzi wa Kidato cha Nne. Wa Beni aliniuliza kama anaruhusiwa kusema pia yale yaliyokwenda vibaya. Nikamwambia hayo ndiyo tuliyomwitia. Mwalimu mkuu amewapa kipindi cha historia, kile kinachofuata baada ya Vita vya Kagera.